Nani alimwapisha nani

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiandika riwaya ya taharuki kwa ajili ya vijana, na wiki chache zilizopita nilimpa binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 16, sura saba za kwanza azisome na kuniambia ukweli bila kuniogopa. Nilitarajia kwamba sura ya sita, ambamo mtu anakufa, ndiyo ingemnyima usingizi. Alinirudishia karatasi zikiwa na alama moja tu ya kalamu, nayo haikuwa kwenye sura ya sita. Alikuwa ameipigia mstari aya moja ya sura ya pili, ambamo wasichana wawili wameketi sakafuni, na mmoja ameushika mkono wa mwenzake juu ya daftari akimfundisha kuandika herufi "g" yenye mkia mrefu uliopinda, ili miandiko yao ifanane.

"Shangazi," aliniambia, "hapa ndipo nilipotaka kukifunga kitabu. Yule wa sura ya sita amekufa tu."

Nimelitafakari sana lile neno "tu". Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimepoteza nguvu nyingi katika kupanga mauaji, alibi (yaani ushahidi kwamba mshukiwa alikuwa kwingine), ufunguo uliopotea na mlango uliokutwa wazi, na nilikuwa nimeiandika ile aya ya daftari kwa dakika kumi, nikiichukulia kuwa kipumziko kati ya matukio mawili makubwa. Msomaji aliye katika umri wa wahusika wangu aliona kwamba tukio lenyewe lilikuwa hapo. Riwaya ya namna hii, inayohusu urafiki wa vijana uliogeuka kuwa kifungo, haitishi kwa sababu ya damu. Inatisha kwa sababu msomaji anaiona hatari ikija katika umbo la mapenzi, na anajua kwamba hata yeye, akiwa na umri ule, angeupokea mkono ule juu ya mkono wake na kujiona mwenye bahati.

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu huyo anayekushika mkono. Kuna rafiki, ambalo ni la watu wote. Kuna swahiba, kuna shoga kwa wasichana na wanawake wenyewe kwa wenyewe, kuna msiri, na kuna mwandani, neno ninalolipenda kuliko yote kwa sababu ndani yake mna "ndani". Mwandani ni yule aliyekwisha kuingia. Sina hakika kama ni mimi peke yangu ninayeshtushwa na jambo hili, lakini neno lililo karibu nalo kabisa, mwanandani, ni jina la ile nafasi ya ndani ya kaburi anamolazwa maiti, na baadhi ya kamusi huyataja maneno haya mawili kana kwamba ni jina moja la vitu viwili. Mwandishi wa taharuki akitafuta jina la kitabu chake, asiende mbali.

Hata hivyo, hofu ninayotaka kuizungumzia haimo katika nomino. Imo katika kitenzi, katika ile kauli ya kutendana ambayo tunaitumia mchana kutwa bila kuifikiria. Ukisema "walipendana", msikilizaji hakuulizi ni nani aliyempenda mwenzake kwanza au zaidi. Ukisema walisimuliana siri, waliahidiana, walingojeana kila jioni, walikatazana kuzungumza na wengine, tendo linagawanywa nusu kwa nusu, kama mkate unaokatwa mbele ya watoto wawili, na hakuna anayeleta mizani. Sasa mtazame msichana anayesimulia habari za urafiki wake mkubwa. Sentensi zake zote zimejaa "-ana". Yeye mwenyewe anaamini kwamba anaeleza usawa, kumbe upo uwezekano kwamba mmoja alikuwa akingoja na mwingine akingojewa, mmoja alitoa siri zake akabaki mtupu na mwingine alizipokea akaziweka akiba. Kazi ya mwandishi wa riwaya hii, kwa maoni yangu, ni kumfanya msomaji aanze kuishuku kauli ya kutendana kabla msimulizi mwenyewe hajaishuku.

Mfano ambao hauepukiki katika jambo hili si wa kubuni. Tarehe 22 Juni 1954, katika bustani ya Victoria Park iliyoko kwenye vilima vya Christchurch, New Zealand, wasichana wawili, Pauline Parker aliyekuwa na umri wa miaka 16 na Juliet Hulme aliyekuwa na miaka 15, walimuua mama yake Pauline, Honorah Parker, kwa kipande cha tofali walichokuwa wamekitia ndani ya soksi ndefu. Walikimbia hadi kwenye kibanda cha chai wakisema kwamba mama ameanguka na kujigonga. Uongo huo haukudumu, kwa sababu Pauline alikuwa ameandika shajara, na polisi walipoifungua walikuta mipango yote imo, imeandikwa kwa utulivu wa mtu anayeandaa safari. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na kichwa kilichoitaja kuwa siku ya tukio la furaha.

Wengi wanaoisimulia kesi hiyo huvutiwa na ulimwengu wa kubuni ambao wasichana wale walikuwa wameujenga, wenye falme, wahusika na hata mahali pao pa peponi, na ni kweli kwamba mambo hayo yanasisimua. Mimi navutiwa zaidi na vitu vidogo vilivyowakutanisha. Juliet aliwahi kuugua kifua kikuu, na Pauline aliugua ugonjwa wa mfupa wa mguu alipokuwa mtoto. Kwa hiyo wenzao walipokuwa katika michezo, wao wawili waliketi kando. Urafiki uliokwisha kwa mauaji ulianzia kwenye benchi la wasiocheza. Kisha likaja tishio ambalo kila mwandishi wa taharuki analihitaji, yaani kutenganishwa: ndoa ya wazazi wa Juliet ilikuwa inavunjika, ikaamuliwa kwamba Juliet apelekwe Afrika Kusini, Pauline akataka kwenda naye, na katika mawazo yao kikwazo pekee kilichobaki kikawa mama yake Pauline. Hapo hapahitaji ufundi wa mwandishi. Kuna tarehe ya safari, kuna mtu aliyesimama mlangoni, na kuna vijana wawili wasioweza kuiona kesho ambayo mwenzake hayumo.

Katika shajara ile neno "sisi" linajirudia mno. Sisi tumeamua, sisi tumepanga. Mahakamani, upande wa utetezi ulijaribu kuonyesha kwamba wasichana wale walikuwa na wazimu wa pamoja, baraza la wazee wa mahakama likakataa, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo wote wawili wakatiwa hatiani. Kwa kuwa hawakuwa wamefikisha umri wa kunyongwa, walifungwa kwa muda usiotajwa na kuachiliwa baada ya miaka mitano hivi. Mwaka 1994 ikafahamika hadharani kwamba Juliet Hulme ndiye Anne Perry, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyekuwa amekwisha kujipatia jina kubwa. Swali la nani kati ya wawili hao aliyemwongoza mwenzake limeulizwa kwa miaka 70, na kila anayelijibu hulazimika kuivunja ile "sisi" vipande viwili kwa mikono yake mwenyewe.

Utetezi ule wa wazimu wa pamoja haukutoka hewani. Mwaka 1877 madaktari wawili wa Ufaransa, Charles Lasègue na Jules Falret, walichapisha makala kuhusu kile walichokiita wazimu wa watu wawili, na nilipokutana na muhtasari wa hoja zao niliacha kuandika kwa siku mbili, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuipanga riwaya yangu karne moja na zaidi kabla sijazaliwa. Walisema hali hiyo haiji hivihivi. Kwanza, lazima awepo mmoja mwenye nguvu na akili zaidi, anayeizua imani ile potofu na kumbebesha mwenzake, na mwingine aliye mwepesi wa kupokea, ambaye mwanzoni hupinga kidogo kidogo na mwisho huikubali kuwa yake. Pili, wawili hao wawe wameishi pamoja kwa muda mrefu, wakishiriki mambo yaleyale, mbali na sauti za watu wengine. Tatu, na hili ndilo lililonisimamisha, imani yenyewe lazima iwe na sura ya kuaminika, iguse jambo linalowezekana, hofu au tumaini ambalo wote wawili walikuwa nalo tayari. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa kuwatenganisha, kwani mara nyingi yule mpokeaji hupata nafuu akiondolewa karibu na mwenzake.

Angalia basi jinsi madaktari wale walivyoikataa kauli ya kutendana. Wazimu ni wa wawili, lakini hauko nusu kwa nusu. Yupo anayetia na yupo anayetiwa. Sharti la tatu nalo lilinionyesha kosa la rasimu yangu ya kwanza, ambamo rafiki mwenye nguvu alimshawishi msimulizi aamini jambo la ajabu mno, kwamba mwalimu mmoja alikuwa akiwafuata usiku. Hakuna msomaji wa miaka 16 ambaye angelimeza. Nimelibadilisha: sasa rafiki yule anamwambia msimulizi kwamba watu wa nyumbani kwake hawamsikilizi anapozungumza. Kijana gani hajawahi kuliwaza hilo? Ukishaliwaza, utaliona kila siku mezani, na kila utakapoliona utakwenda kumwambia yule aliyekuonyesha.

Ziko tafiti za karibuni zaidi zinazoeleza kwa nini umri huu, na si mwingine, ndio unaozaa hadithi za namna hii. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306, kuanzia vijana wa miaka 13 hadi watu wazima, mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi wakiwa peke yao na baadhi wakiwa na wenzao karibu. Vijana walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao, ilhali kwa watu wazima kuwepo kwa wenzao hakukuleta tofauti kubwa. Amanda Rose, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002, alitazama tabia ya marafiki kurudiarudia kuzungumzia matatizo yaleyale, kuyageuza upande huu na upande ule, akakuta kwamba tabia hiyo inaendana na urafiki wa karibu zaidi na wakati huohuo inaendana na dalili zaidi za huzuni na wasiwasi. Kwangu mimi matokeo hayo ya pili ni tanzia nzima. Kitu kilekile kinachowafanya wawili wawe karibu ndicho kinachowazamisha, na hakuna hata mmoja wao anayefanya ubaya.

Kuhusu simu sitasema mengi, kwa kuwa kila anayeandika kwa vijana siku hizi anazisema. Zimeniondolea matatizo mawili na kuniletea moja. Zamani rafiki mwenye wivu alilazimika kuuliza ulikuwa wapi. Leo anakuona kwenye ramani. Zamani hakujua kama barua yake imesomwa. Leo zile alama mbili za buluu zinamwambia kwamba umesoma saa tatu na dakika nne usiku na hukujibu. Tatizo lililokuja ni kwamba ushahidi hauna mwisho, na mwandishi inambidi atafute namna ya kuwafanya wahusika wake waache simu na kurudi kwenye karatasi. Ndiyo maana riwaya yangu ina daftari.

Nina lalamiko moja kuhusu riwaya hizi, nalo ni kubwa. Nyingi zinajengwa kwa uangalifu kwa kurasa 250, kisha katika kurasa 30 za mwisho tunaambiwa kwamba rafiki yule mbaya alikuwa mgonjwa wa akili, ameacha kumeza vidonge, na mambo yamekwisha. Mbali na kuwaonea wagonjwa, ambao wengi wao hawamdhuru mtu yeyote, mwisho wa namna hiyo unamruhusu msomaji kutoka kitabuni akiwa msafi. Kumbe ilikuwa ni yeye, mgonjwa, si mimi. Mwisho mwingine unaonikera ni ule wa kugundua kwamba rafiki hakuwahi kuwepo, alikuwa mawazo ya msimulizi tu. Ukimfuta rafiki, umefuta kosa pia, kwa maana haiwezekani kumtendea uovu mtu asiyekuwepo.

Haya yote niliyajua, au nilidhani ninayajua, hadi nilipoamua kulitafuta daftari lenyewe. Kwa maana aya ile ya sura ya pili sikuibuni. Nilipokuwa na miaka 14 nilikuwa na mwandani wangu, ambaye sitamtaja jina, na tulikuwa na daftari moja la jalada jeusi ambalo kila mmoja alilala nalo kwa zamu. Mimi niliandika kwa wino wa buluu, yeye kwa wino wa kijani. Lilikuwa na sharti moja, kwamba mtu wa tatu asitajwe humo. Siku moja, daftari liliporudi kwangu, nililifungua na karatasi moja ikadondoka. Ilikuwa karatasi yangu, haijachanwa wala kukatwa, imeachia tu kwenye mshono. Yeyote aliyewahi kuharibu daftari la kushonwa anajua maana yake: kila karatasi ina pacha wake upande wa pili wa uzi, na ukikata mmoja, mwingine hukosa wa kumshika. Nilipokagua nikakuta kwa kweli kwamba mbele kidogo kuna karatasi iliyoondolewa kwa wembe, kwa mkono usiotetemeka, karibu kabisa na uzi.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hicho kwa namna moja. Nilikuwa na rafiki aliyenipenda kupita kiasi, akafikia hatua ya kukata maneno yangu kwa wembe kwa sababu hayakumpendeza, na tangu siku ile nikaanza kumwogopa na kujitoa kidogo kidogo. Nimewasimulia watu karamuni. Ndicho kisa kilichonifanya nianze kuiandika riwaya, na ndiyo sababu msimulizi wangu ni yule anayeshikwa mkono, anayefundishwa kuandika "g" ya mwenzake.

Baada ya binti yule kunirudishia sura zangu, nilipanda dari nikalishusha daftari. Nililisoma usiku mmoja, lote, nikiwa na penseli, na kwa mazoea ya kazi nikaanza kuhesabu. Kurasa za buluu zilijaa "tu-": tumeamua, tutakuwa, hatutaki, tusiongee na yule. Kurasa za kijani zilikuwa na "ni-", tena "ni-" ya mtu anayeomba radhi: nilichelewa, nilisahau, sikukusudia. Nilipofika kwenye karatasi iliyokatwa nilisogeza taa. Kipande kilichobaki kwenye mshono kina upana wa ukucha wa kidole kidogo, na mwenye kukata alikuwa na tabia ya kuandika hadi ukingoni, kwa hiyo mikia mitatu ya herufi imesalia pale. Ni mikia mirefu, iliyopinda kwa namna ninayoijua kuliko saini yangu.

Ni ya wino wa kijani.

Alikata ukurasa wake mwenyewe. Sijui alikuwa ameandika nini hapo, ila nalikumbuka sharti la daftari, na nakumbuka ni nani aliyeliweka. Alikuwa amekaa mahali usiku, na wembe mkononi, akiondoa jina la mtu kabla mimi sijaliona, naye hakujua habari za karatasi pacha, kama ambavyo mimi sikujua. Ile "g" ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nimefikiria kumtafuta na sijamtafuta. Nikimpigia simu leo nimwambie nini, naye pengine amekwisha kujisimulia kisa chake akakimaliza? Kumlazimisha anisikilize kwa sababu tu mimi nimegundua jambo kungekuwa ni kumshika mkono kwa mara nyingine juu ya daftari. Nilichoweza kufanya ni kurudi mezani. Wiki hii nimeanza kuiandika upya riwaya kutoka ukurasa wa kwanza, na kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu msimulizi mpya hajijui. Bado anaona kwamba anapenda tu. Bado anasema "tu-" katika kila aya, na inanibidi nimwache aseme, huku nikiacha mahali fulani karibu na mshono mikia midogo ya wino wa rangi nyingine, ambayo yeye ataipita na msomaji ataiona. Mauaji ya sura ya sita nimeyaondoa kabisa. Huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Sentensi ya kwanza ya kitabu ilikuwa "Tuliapishana usiku ule kwamba hatutaachana." Ilikaa pale kwa miezi minane, na niliipenda kwa sababu ya mlio wake. Jana niliikata. Sasa inasema: "Nilimwapisha usiku ule, naye alipokuwa akiyarudia maneno yangu alikuwa anatazama mlangoni."